Pangani Haiko Njiani

Mwanamume wa umri wangu akionekana Bagamoyo juu ya baiskeli, watu humwuliza moja kati ya mambo mawili: gari limepatwa na nini, au daktari amesemaje. Mimi sikuwahi kuwa na gari, kwa hiyo kwangu lilibaki la pili.

"Ni sukari, mwalimu?" aliniuliza mama anayeuza mihogo ya kukaanga karibu na stendi. Aliuliza kwa upole kabisa. Nikamwambia hapana, nafanya mazoezi ya safari. Akaitikia kwa kichwa, namna watu wanavyomwitikia mgonjwa anayeficha ugonjwa wake.

"Hata presha," akasema, "inashuka kwa mazoezi. Mungu atajalia."

Fundi baiskeli naye hakunitia moyo. Baiskeli yangu ilikuwa ya mtumba, nyepesi, imeandikwa maneno ya Kijapani ambayo mpaka leo sijui yanasema nini. Fundi aliipindua, akazungusha gurudumu, akahesabu gia kwa kidole.

"Ishirini na moja," akasema. "Za nini, na Bagamoyo haina mlima?"

"Nakwenda Tanga."

Akanitazama kuanzia viatu. "Na nani?"

Hilo la "na nani" ndilo lililokuwa swali lenyewe, ingawa yeye aliliuliza huku akitafuta spana. Nilimjibu haraka, tena kwa fahari kidogo, kwamba nakwenda na rafiki yangu. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na mbili, na ilikuwa imepita miaka mingi tangu niseme kwamba ninakwenda mahali na mtu.

Mke wangu alikwisha kurudi kwao Mwanza miaka sita kabla ya hapo, bila ugomvi wa kusimulia. Binti yetu anafanya kazi Dodoma, na hunipigia Jumapili akishamaliza kufua. Nilikuwa nimeacha kufundisha, naishi katika nyumba ya vyumba vinne niliyoachiwa na mjomba, na kuandikia magazeti makala kuhusu jinsi watu wanavyoishi, jambo ambalo kwa sehemu kubwa nililifuatilia kwa kupitia dirishani. Nilikuwa nimefikia hatua ya kununua chapati mbili asubuhi na kuzungumza na mkaangaji mpaka wateja walio nyuma yangu wakaanza kukohoa.

Rafiki niliyemsema anaishi Tegeta, na kazi yake ni kutoa mizigo ya watu bandarini. Tulikaa chumba kimoja chuo kikuu miaka mitatu. Yeye peke yake ndiye anayeniita Daktari, cheo ambacho sikukipata, kwa sababu tasnifu yangu niliiacha katika sura ya tatu na ipo mpaka sasa ndani ya sanduku, inaliwa na mchwa wasiojali sura ya ngapi.

Wazo la safari nilimwambia kwenye simu, nikitaraji acheke. Hakucheka.

"Mpaka Tanga?"

"Mpaka Tanga. Wewe unatoka Tegeta, unanipitia Bagamoyo, tunakwenda mji kwa mji. Pori sitaki. Nataka miji."

Nikasikia honi za malori nyuma yake.

"Twende," akasema.

Nilikata simu nikasimama jikoni muda mrefu na sufuria mkononi. Nilisema nataka miji, na ni kweli: nilitaka kuona stendi zinavyoamka, nani anafungua duka mapema Muheza, wanakunywa nini saa kumi na mbili asubuhi Kabuku. Nilishaanza kuona makala sita, pengine kitabu chembamba. Lakini nilichotaka zaidi kilikuwa kidogo kuliko kitabu. Nilitaka kwa siku nane kuwe na mtu mbele yangu au nyuma yangu barabarani, wa kumwambia "tazama kile," naye atazame.

Tukaanza kukutana kila Jumamosi ya pili. Alikuja Bagamoyo kwa basi, tukakaa katika mgahawa mmoja karibu na soko, mimi nikafungua daftari. Nilikuwa nimechora mistari kwa rula: siku, mji, kilomita, malazi. Nilisomeshwa na serikali nikaishia kujua kuchora jedwali.

"Siku ya kwanza tunapita Kiwangwa, tunakula nanasi, tunalala Msata," nikasema.

"Msata kwa nani?"

"Gesti."

"Gesti." Alilirudia neno kama mtu aliyeonja chai akakuta imetiwa chumvi. "Na shangazi yangu yuko Chalinze."

"Chalinze iko kusini ya Msata. Sisi tunakwenda kaskazini."

"Shangazi hajui kusini, Daktari. Atakachojua ni kwamba nilifika Msata nikalala gesti."

Siku nyingine akaniletea habari za baba yake mdogo wa Miono, ambaye si wa barabarani hata kidogo, yuko ndani huko kwenye mashamba. Nikamwuliza kama hii ni ziara ya baiskeli au ya ukoo. Akanieleza kwa subira, akihesabu kwa kijiko. Ukipanda basi hakuna anayekuona. Ukipita kwa baiskeli unasalimiwa na kila aliyekaa kibarazani, na ukishasalimiwa umeonekana. Ukishaonekana, ulipitaje mji wa mtu wako bila kubisha hodi?

"Watasema tumegombana," akamaliza.

"Basi tutafika Tanga baada ya mwaka, na wajomba wote wametusalimu."

"Kwani wewe una wajomba wengine wa kusalimiana nao?"

Alisema kwa utani, nami nikacheka. Kisha nikaandika Chalinze katika daftari. Kusema kweli sikuiandika kwa ajili ya shangazi. Niliiandika kwa ajili ya yale malori, mamia ya malori yaliyoegeshwa, madereva wanaokula wamesimama, wanawake wanaouza mayai ya kuchemsha hadi madirishani. Kwa ajili ya aya mbili nzuri nilikuwa tayari kurudi nyuma kilomita thelathini. Nataka hilo likumbukwe.

Jumamosi hiyohiyo, chai ikiwa imekwisha, akasema, "Na Pangani."

"Pangani haiko njiani," nikamwambia.

Haiko njiani kweli. Njia yetu ilifuata barabara kuu hadi Segera, Muheza, Tanga. Kwenda Pangani ni kuteremka tena hadi baharini na kukuta mto. Kisha ugeuze urudi ulikotoka. Nilimwonyesha kwa kalamu. Siku mbili nzima, kwenda na kurudi.

"Sawa, Daktari," akasema.

Mara ya pili alilileta jambo hilo akiwa anatazama nje. "Nyumba ya mama ipo. Dada ndiye anaiangalia. Tungelala pale."

"Nyumba kuwapo si hoja ya kijiografia," nilimjibu. Ndivyo nilivyosema, neno kwa neno. Nilikuwa nikifurahishwa sana na nafsi yangu siku hizo.

Mara ya tatu alituma ujumbe wa sauti, siku ya kazi, nyuma yake watu wa bandarini wakiitana. Alisema amefikiria. Kama siku zinabana, tuache Tanga, tuishie Pangani. Nikamjibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika tatu, nikimweleza kwamba ziara ya miji lazima iishie kwenye jiji, vinginevyo inakosa umbo. Akaweka alama ya dole gumba.

Hapa lazima niseme kile nilichokuwa nakijua, kwa sababu Pangani sikuwa mgeni. Nikiwa chuoni nilikwenda likizo mbili katika nyumba ile. Mama yake aliniita mwanangu tangu jioni ya kwanza na kunilalamikia wembamba wangu. Samaki wakiletwa, kipande cha tumbo kilitua upande wangu wa sinia, na mwanawe akanung'unika, naye akamwambia, "Wewe una mama kila siku." Mama yangu mimi alikuwa amekufa nikiwa darasa la saba.

Mama huyo wa Pangani alifariki miaka minne kabla ya habari hizi za baiskeli. Nilikuwa Dodoma kwenye semina, na mchana ule nilikuwa mwenyekiti wa kipindi. Nikaandika ujumbe kwenye simu. Niliuandika vizuri; nilifuta na kuandika upya mara kadhaa, nikaweka ile habari ya kipande cha tumbo, nikalia kidogo mwenyewe nilipousoma. Rafiki yangu akajibu, "Ahsante, ndugu yangu." Nikajiambia nitakwenda semina ikiisha. Kisha nikajiambia arobaini. Arobaini ikapita, ikawa aibu kwenda, na aibu nayo ikizoeleka mtu huisahau kama mlango unaokwaruza. Tukaendelea kupigiana simu na kucheka. Nilidhani mambo yamekwisha.

Baada ya lile dole gumba hakuja Jumamosi iliyofuata. Alisema kuna meli. Jumamosi nyingine hakusema kitu. Tulikuwa tumepanga mazoezi ya kwanza, kutoka kwangu hadi Kaole na kurudi, umbali ambao watoto wa shule huutembea kwa miguu, nami nikatoka saa kumi na mbili na nusu kama tulivyopatana, nimevaa kofia ngumu, nikamsubiri barabarani hadi saa mbili. Kisha nikaenda peke yangu.

Kaole nilifika nikiwa nahema kuliko nilivyotegemea. Nikakaa kwenye kigogo kando ya njia. Akapita mzee mmoja na jembe begani, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatazama kofia yangu, akatazama baiskeli, akauliza mwenzangu yuko wapi.

"Sina mwenzangu, baba."

"Hizo chupa za maji mbona mbili?"

Nilikuwa nimejaza chupa mbili. Nikamwambia moja ni ya akiba. Akasema vizuri, kuna joto, akaenda zake. Sikuweza kunywa hata moja. Wakati wa kurudi upepo ulikuwa usoni, gia zote ishirini na moja hazikunisaidia, na niligundua kwamba nilikuwa nikimhutubia rafiki yangu kwa sauti: umri wetu huu, mtu akisema twende, huenda.

Nilimpigia siku nne. Hakupokea. Siku ya tano nikampigia mkewe.

"Shemeji, hamjambo huko?"

"Hatujambo, shemeji. Za Bagamoyo?"

"Nzuri. Mwenyewe hajambo? Simu yangu hapokei."

"Hajambo. Simu anaiona."

Alisema bila ukali, na bila kuongeza kitu. Nikauliza kama amechoka na mambo ya safari, kama ni kazi, kama nimemkosea ratiba. Nasikia bado nilivyotamka hilo neno, ratiba.

"Shemeji, wewe ni msomi," akasema. "Mimi nikuulize kitu kimoja. Mama alipofariki, ulikaa mkeka gani?"

Nikamwambia nilikuwa Dodoma. Nikamwambia nilituma ujumbe.

"Ujumbe niliusoma mimi mwenyewe, kwa sauti, watu wamekaa. Ulikuwa mzuri sana. Wifi akalia. Alipomaliza akauliza, anakuja lini? Mume wangu akamwambia, yuko njiani." Kisha akaongeza, "Miaka minne, shemeji. Ndefu hiyo njia."

"Lakini mbona hakuniambia?"

"Akuambie nini? Njoo unipe pole? Hiyo si pole tena, hiyo ni oda."

Huku kwetu kwenda kuhani hakuna siku ya mwisho. Nimeona watu waliorudi kutoka Maskati baada ya miaka kumi, wakaanza kuzungukia nyumba zilizofiwa kabla hawajafungua mabegi. Unaingia, unakaa, unatoa pole, mnainua mikono, mnasoma Fatiha, na baada ya hapo ndipo mazungumzo ya kawaida yanaruhusiwa kuanza. Asiyekuja hasutwi. Anaachiwa nafasi, hata ya miaka. Haya yote nayajua, nimeyaandikia makala. Kitu ambacho sikukijua ni kwamba nafasi ile nilikuwa nimewekewa mimi, ndani ya daftari langu mwenyewe, nami nimeikata kwa kalamu mara tatu.

"Alipokuja hapa na habari za baiskeli," shemeji akasema, "nikamcheka. Akaniambia, we niache, njia ya Tanga haikosi kupita Pangani."

Alhamisi nilipanda gari la kwanza kwenda Msata, nikasimama kusubiri basi la Tanga. Baiskeli niliiacha sebuleni. Miji yote niliyoiandika ilipita dirishani, Mkata, Kabuku, Segera, Muheza, na sikuona kinachofunguliwa wala kinachonywewa. Nilikuwa nikijisomea Fatiha kimoyomoyo, nikihofia nitakwama katikati mbele ya watu. Nilikuwa sijaisoma kwa sauti kwa ajili ya mtu mwingine kwa muda mrefu. Tanga sikukaa. Nilibadilisha gari papo hapo, na baada ya adhuhuri nikawa nimesimama mbele ya mlango wa Pangani. Mlango ulikuwa umepakwa rangi nyingine. Nikabisha hodi.

Dada yake ni mkubwa kwetu sote wawili. Ni mjane, ana miwani minene, na alinitambua kwa sauti kabla hajaniona.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Pita."

Sebule ilikuwa na makochi mazuri, yamefunikwa vitambaa. Hakunionyesha makochi. Aliingia chumbani akatoka na mkeka, akaukunjua sakafuni, akakaa upande mmoja. Nikavua viatu nikakaa upande wa pili.

"Pole, dada," nikasema. "Nimechelewa."

"Tumeshapoa," akasema. "Ndiyo hali yetu sote."

Tukainua mikono. Niliisoma yote bila kukwama. Nilipofika mwisho alijifuta uso kwa upindo wa khanga, mara moja, upande wa kulia na wa kushoto, kisha akaniuliza kama basi lilikuwa na joto.

Akanielekeza makaburini nikamwone mama kabla ya alasiri. Yeye hakuja, wanawake huko hawafuatani na mtu makaburini. Aliniambia kaburi la nne kutoka ukutani, mstari wa nyuma. Nilifika nikakuta kuta mbili, moja kila upande, na makaburi yote ni udongo na mawe, hayana maandishi. Mtu aliyechora njia ya kilomita mia tatu na kitu kwa rula alisimama pale hajui aanzie wapi. Nikasoma kwenye la nne la ukuta huu, nikavuka, nikasoma kwenye la nne la ukuta ule. Kama mmoja wao alikuwa mgeni kwangu, naye alistahili.

Niliporudi dada alikuwa jikoni na simu sikioni. "Yupo," alikuwa akisema. "Ametoka kwa mama sasa hivi. Huyu hapa." Akanipa.

"Daktari," rafiki yangu akasema.

"Nipo."

"Umekula?"

"Bado. Pole, ndugu yangu. Pole kwa mama."

Nikasikia mlango ukifungwa upande wake.

"Nimeshapoa," akasema. Sauti yake haikuwa sawasawa. "Ahsante kwa kwenda."

Mtu mwenye busara angeishia hapo. Mimi nikaona mlango umefunguka nikaingia na daftari. Nikamwambia nimefikiria upya ndani ya basi: Pangani iwe siku ya sita, tulale hapa mara mbili, Tanga ikilazimu tuiache. Nikamwambia aniambie tu wiki gani ana nafasi.

Akacheka, kicheko chake chenyewe, ambacho sikuwa nimekisikia muda mrefu.

"Ndugu yangu, mimi siendi."

"Mwezi huu?"

"Kwa baiskeli mimi siendi popote. Goti hili ngazi za ofisini tu linanipigia kelele. Nilishapiga hesabu zangu: nikifika Msata ninaanguka kidogo, unanionea huruma, napanda basi, wewe unaendelea, tunakutana kwa mama."

"Kwa hiyo hukutaka hata siku moja."

"Baiskeli? Hata siku moja. Wewe nenda. Nenda kabisa. Ukifika kila mji utanipigia, utaniambia umeona nini."

Nikasema sawa. Nilisema kama yeye alivyokuwa akiniambia mimi, Jumamosi zile, na nadhani aliisikia, kwa sababu aliongeza haraka kwamba wajomba wote atawapigia kuwaambia ninakuja, sitalala gesti hata moja. Nikamshukuru. Tulikuwa tumerudi kuwa sawa, nilijua, pengine sawa kuliko ilivyokuwa kwa miaka minne, na barabara yote ile kutoka Bagamoyo hadi huko ilikuwa haina mtu mbele yangu wala nyuma yangu.

Nikamrudishia dada simu yake.

"Anasemaje?"

"Anasema nile."

"Haya."

Akanitandikia kitambaa kwenye mkeka, akaleta wali na samaki tasi wa nazi kwenye sahani moja. Nikamkaribisha. Akasema hapana, amefunga, ni Alhamisi. Alikuwa amepika yote hayo na kufunga kwake. Kwa hiyo nilikula peke yangu, naye akakaa upande wa pili wa mkeka, miwani imemshukia puani, akitazama kama ninashiba.